Nani Apangwe Kikosini? Wanawake na Mbio za Baiskeli za Barabarani

Asubuhi mapema, jua likiwa bado halijatokeza vizuri juu ya milima ya Mumirwa, Nyakabiga huwa imekwisha kuamka. Wanafunzi huelekea Chuo Kikuu upande wa Mutanga, akina mama hupita na vikapu vya mboga kichwani, na watumishi huharakisha kwenda kazini. Anayetoka hapo akashika barabara ya kupanda Bugarama hukutana na vijana wakiteremka kwa baiskeli zilizosheheni mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, kwa mwendo wa kumtia hofu hata dereva wa lori. Vijana hao karibu wote ni wanaume. Baiskeli, ambayo Warundi huiita ikinga, imehesabiwa kwa muda mrefu kuwa chombo cha mwanamume na cha mzigo wake.

Basi ikiwa binti wa Nyakabiga atawaambia wazazi wake kwamba anataka kuwa mshindani wa mbio za baiskeli, jambo la kwanza watakalouliza ni kama anao mwendo. Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Katika mchezo huu mwendo peke yake haumfikishi mtu katika timu. Yapasa kuuliza pia ni nani atakayemchagua, na atamchagua kwa kipimo gani.

Warundi wanaujua vyema uteuzi wa wakimbiaji wa miguu. Mwaka 1996 Burundi iliposhiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Atlanta, Marekani, Vénuste Niyongabo alikuwa miongoni mwa waliotazamiwa kushinda mbio za mita 1,500. Nafasi hiyo alimwachia mwenzake, Dieudonné Kwizera, ambaye mwaka 1988 na 1992 hakuweza kushindana kwa kuwa nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa. Niyongabo akaingia mbio za mita 5,000, akarudi nyumbani na medali ya dhahabu. Miaka 20 baadaye, mjini Rio de Janeiro, Francine Niyonsaba alipata medali ya fedha katika mita 800. Hao wote walijulikana kwanza kwa saa. Uwanja wa mita 400 una urefu ule ule Bujumbura na Ulaya, na atimizaye muda uliowekwa hana haja ya kubembeleza mtu.

Baiskeli ya barabarani haina saa ya namna hiyo. Barabara moja ina upepo, nyingine ina mlima, ya tatu imetandikwa mawe. Zaidi ya hayo, anayefuata nyuma ya mwenzake kwa karibu hukingwa upepo, na huweza kupunguziwa robo au hata theluthi ya kazi. Kwa sababu hiyo mwenye nguvu akikaa mbele peke yake huchoka, na dhaifu aliyejificha nyuma yake humpita mwishoni. Muda alioutumia mtu kufika haumwelezi mteuzi mengi. Inambidi ajue mtu huyo alifanya nini njiani, alimsaidia nani, na alikuwa wapi kundi lilipopasuka.

Askari yeyote atalielewa jambo hili bila shida. Kikosi hakijazwi wapiga tarumbeta watupu. Katika mbio kubwa za siku moja za wanawake timu moja huweka waendeshaji 6, na katika mbio za kuzunguka Ufaransa, Tour de France Femmes, kila timu huweka 7. Mwaka 2025 zilishiriki timu 22, yaani wanawake 154. Kati ya hao 7 pengine mmoja tu ndiye anayetazamiwa kushinda. Mwingine huteuliwa kwa kuwa hupanda milima akiwavuta wenzake, mwingine kwa kuwa ana kasi ya mita 200 za mwisho, na mwingine kwa kazi ambayo magazeti hayaiandiki: kurudi nyuma kwenye gari la timu, kujaza chupa za maji mifukoni na ndani ya jezi, na kuwapelekea wenzake. Huyo wa maji akikosekana, kiongozi hafiki.

Jinsi kazi hiyo inavyokuwa na uzito ilionekana Agosti 2024. Demi Vollering wa Uholanzi, aliyeshinda mbio za Ufaransa mwaka uliotangulia, alianguka katika hatua ya 5 akiwa amevaa jezi ya manjano ya uongozi, mwisho wa hatua ukiwa karibu. Alipoteza dakika 1 na sekunde 47. Mbele, mwanatimu mwenzake Blanka Vas wa Hungaria akaishinda hatua hiyo. Mbio zilipokwisha, Kasia Niewiadoma wa Poland alimshinda Vollering kwa sekunde 4 tu. Mabishano juu ya nani angalisimama kumngojea kiongozi wake yaliendelea kwa muda mrefu, na si ajabu, maana sekunde 4 ni muda wa kufunga kamba ya kiatu.

Lakini mara nyingine aliyepewa kazi ya kusaidia ndiye anayeshinda. Tarehe 2 Oktoba 2021 mbio za Paris-Roubaix zilifanyika kwa wanawake kwa mara ya kwanza. Ni mbio za mawe na matope, na siku ile njia ilikuwa na utelezi. Lizzie Deignan wa Uingereza hakuwa kiongozi wa timu yake. Alitakiwa kuwa mbele mapema ili wakubwa wake wapate msaada baadaye. Akachomoka zikiwa zimebaki kilomita kama 80, wala hakukamatwa tena. Deignan alikuwa mama. Alijifungua mtoto wake wa kwanza mwaka 2018, akarudi kazini. Tangu mwaka 2020 kanuni za timu za daraja la juu zimeagiza kwamba mwendeshaji aliye katika likizo ya uzazi alipwe mshahara kamili miezi 3 na nusu mshahara miezi 5. Kabla ya hapo mimba iliweza kuwa mwisho wa mkataba. Mama wa nyumbani anayesoma ukurasa huu atajua mwenyewe tofauti ya mambo hayo mawili.

Kwa timu za taifa shida ya mteuzi ni kubwa zaidi, kwa kuwa nafasi ni chache. Mjini Paris mwaka 2024 wanawake 90 waliruhusiwa kushindana barabarani, idadi iliyo sawa na ya wanaume, na hakuna nchi iliyopewa zaidi ya nafasi 4. Marekani ilikuwa na nafasi 2. Mmojawapo wa waliochaguliwa, Taylor Knibb, aliamua kuiacha nafasi yake ya mbio za barabarani ili ajitayarishe kwa mashindano mengine ya Olimpiki hiyo hiyo. Nafasi ikamwangukia Kristen Faulkner, ambaye alianza kuendesha baiskeli kwa bidii mwaka 2017 tu, akiwa mfanyakazi wa ofisini. Tarehe 4 Agosti, baada ya kilomita 158, Faulkner alichomoka zikiwa zimebaki kilomita kama 3, akawaacha Marianne Vos na Lotte Kopecky, akatwaa dhahabu. Anayekikumbuka kisa cha Niyongabo na Kwizera ataona kwamba nafasi iliyoachwa kwa hiari ina historia yake katika michezo.

Mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, ilitokea ajabu kubwa kuliko hiyo. Waholanzi waliweka wanawake wao 4, ambao kila mmoja aliweza kushinda. Austria iliweka mmoja, Anna Kiesenhofer, mwenye shahada ya udaktari wa hisabati, ambaye hakuwa na mkataba na timu yoyote ya kulipwa. Alichomoka mapema. Katika Olimpiki waendeshaji hawaruhusiwi redio za masikioni, na waliokuwa nyuma walisahau kwamba bado yuko mtu mbele. Annemiek van Vleuten alivuka mstari akiinua mikono kushangilia, kumbe mshindi alikwisha kufika zaidi ya dakika moja kabla yake. Wanne walio bora hawakuwa na mpango mmoja, na mmoja aliye peke yake alikuwa nao.

Visa hivi vinatia moyo, hata hivyo si haki kumdanganya binti wa Nyakabiga kwamba njia ni nyepesi. Kiesenhofer na Faulkner walipewa nafasi ya kushindana mara nyingi kabla ya siku zao kubwa. Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Mteuzi humchagua mtu aliyemwona akishindana, na asiyeshindana haonekani. Timu za wanawake zimepangwa kwa madaraja matatu tangu mwaka 2025, na daraja la juu ndilo lenye kima cha chini cha mshahara kilichopanda kutoka yuro 15,000 kwa mwaka mnamo 2020 hadi yuro 35,000 mnamo 2024. Katika daraja la chini mwendeshaji anaweza kushindana bila mshahara wa kumtosha kula. Kupanda kutoka huku hadi kule kunahitaji siku nyingi za mashindano, na sehemu kubwa ya mashindano hayo iko Ulaya, yenye gharama ya ndege, viza, chakula na mahali pa kulala.

Kimberley Le Court wa kisiwa cha Mauritius alilijua hilo. Alijaribu Ulaya akiwa kijana, akaondoka, akashindana katika baiskeli za milimani Afrika Kusini, kisha akarejea barabarani mwaka 2024 katika timu ya daraja la juu. Aprili 2025 alishinda Liège-Bastogne-Liège, na Julai ya mwaka huo akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuvaa jezi ya manjano katika mbio za Ufaransa. Kipaji hakikumjia mwaka 2024. Kilichokuja mwaka huo ni mkataba. Eyeru Gebru, mzaliwa wa Tigray huko Ethiopia, alikuwa na shida nyingine: hakuwa na nchi ya kumteua. Alikwenda Paris mwaka 2024 katika timu ya Olimpiki ya wakimbizi.

Septemba 2025 dunia yote ya mchezo huu ilikuja Kigali. Yalikuwa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa barabarani kufanyika Afrika, ilhali wanawake walianza kushindania ubingwa huo mwaka 1958, aliposhinda Elsy Jacobs wa Luxembourg. Tarehe 27 wanawake walikwenda kilomita 164.6 katika mizunguko 11, na mikweo yote ikijumlishwa ilikuwa mita 3,350 za kupanda. Wakubwa waliotajwa sana, Vollering na Pauline Ferrand-Prévot, wakachungana wao kwa wao. Magdeleine Vallieres wa Canada, mwenye umri wa miaka 24, ambaye wachache walimtaja, akawa bingwa.

Wapo waliodhani kwamba kwa kuwa milima ni ya Afrika, binti wa Kiafrika atakuwa na faida. Kuzoea hewa ya juu husaidia kidogo. Hakumfundishi mtu kukaa sentimita 30 nyuma ya gurudumu la mwenzake katika mteremko wa kilomita 70 kwa saa, katikati ya kundi la watu 100 wanaosukumana kwa mabega. Hayo hufundishwa na mashindano yenyewe, na ndiyo maana ngazi ya mashindano ya nyumbani ni sehemu ya uteuzi. Pakiwa na mbio 2 kwa mwaka zenye wanawake 8, mshindi wake atajulikana, lakini hatakuwa amejifunza kundi.

Katika nchi nyingine majeshi na polisi wameishika kazi hii. Italia ina klabu ya polisi iitwayo Fiamme Oro. Miongoni mwa wanawake wake yumo Elisa Balsamo, bingwa wa dunia wa mwaka 2021. Mtu wa namna hiyo ana mshahara wa utumishi, ana tabibu na ana kazi siku mbio zitakapokwisha, hivyo mama yake hana sababu ya kukesha. Bujumbura inazo Muzinga ya jeshi na Rukinzo ya polisi, majina yaliyozoeleka viwanjani. Baiskeli kumi za mbio, kofia ngumu kumi na kocha mmoja anayejua kazi yake ni gharama ndogo kuliko za mchezo mwingine wowote wenye uwanja, kwa kuwa uwanja wa baiskeli ni barabara iliyokwisha kujengwa.

Na barabara ipo. Ziwa Tanganyika liko mita kama 770 juu ya usawa wa bahari, na Bugarama, umbali wa kilomita zipatazo 35 kwa barabara, iko zaidi ya mita 2,000. Atakayetaka kuupata mpando wa Kigali wa siku moja itambidi aukwee mlima huo si chini ya mara mbili, kisha aendelee. Binti wa Nyakabiga akianza saa kumi na mbili asubuhi, kabla malori hayajawa mengi, ataupanda mara ya kwanza huku vijana wa ndizi wakiteremka upande wa pili.