Joto la Mji Mkongwe na Mwili wa Mtu wa Nyanda za Juu

Mkazi wa Iyunga, jijini Mbeya, huishi katika ukanda ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hata mwezi Februari sweta haliwi mbali naye. Akipanda treni ya TAZARA hadi Dar es Salaam, kisha boti hadi Unguja, baada ya siku chache tu mwili huohuo hujikuta katika Mji Mkongwe, ambako joto la mchana mwezi huo hufikia nyuzijoto 32 au 33 na usiku hupungua kidogo tu. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ni vyema kila mwanafunzi wa Nyanda za Juu auone. Lakini ratiba nyingi za ziara hupangwa kana kwamba mwili wa msafiri nao umeshafika pwani.

Nyuzijoto 33 peke yake si jambo la kutisha. Tatizo ni unyevu. Mwili hupozwa na jasho linalokauka, si linalotiririka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa takriban kilokalori 580 za joto. Jasho hilohilo likidondoka chini haliondoi karibu chochote, ila maji na chumvi vimekwisha kupotea. Hewa ya pwani imejaa mvuke, hivyo jasho hukauka polepole. Ndiyo maana feni au upepo wa Forodhani huleta nafuu hata joto lisipopungua, na nguo pana ya pamba hufaa kuliko suruali ya jinzi.

Mwili hujifunza, lakini hauharakishwi. Huhitaji wiki moja hadi mbili za kukaa katika joto ili uanze kutoa jasho mapema zaidi, kwa wingi zaidi na lenye chumvi kidogo, na ili majimaji ya damu yaongezeke. Ziara ya shule ya siku tatu humalizika kabla somo hilo halijakolea. Kwa hiyo siku ya kwanza iwe ya matembezi mafupi, na safari ndefu isubiri.

Mji wenyewe umejengwa kwa akili ya joto: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vichochoro vyembamba, mabaraza ya kukalia. Hata hivyo, mwanzoni mwa Machi jua hupita karibu kabisa utosini, na kwenye saa sita na nusu mchana hata kichochoro chembamba hukosa kivuli. Busara ni kutembea tangu saa moja hadi saa nne asubuhi, kisha tena baada ya saa kumi alasiri. Saa za katikati ziachiwe majengo, chakula na usingizi.

Maji yanywewe kidogokidogo siku nzima. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, msafiri amechelewa. Maji matupu kwa wingi mno nayo hupunguza chumvi ya damu, hivyo chakula kisirukwe. Wazee wanaotumia dawa za presha za kuongeza mkojo wazungumze na daktari kabla ya safari, wala wasiziache kwa uamuzi wao.

Kizunguzungu, kichefuchefu na mikakamao ya misuli ni onyo: mgonjwa apelekwe kivulini, alazwe, anywe. Akianza kuchanganyikiwa, kupayuka, kuyumba au kuzimia huku mwili ukiwaka, hicho ni kiharusi cha joto, na hatari yake ni ya dakika, si ya saa. Hapo ndipo watu hukosea, kwa kuwa wengi hudhani ni malaria na kumpa parasetamoli, dawa isiyoshusha joto la aina hii. Malaria iliyopatikana Unguja haimwangushi mtu siku ya pili ya ziara, kwa sababu vimelea huhitaji takriban wiki moja au zaidi. Iliyotoka nayo nyumbani inawezekana, na kipimo kitafanywa, ila baada ya kumpoza. Avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe kwa nguvu, na asinyweshwe chochote akiwa hajitambui. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko pembezoni mwa Mji Mkongwe, lakini kumwagia maji kuanze palepale alipoanguka na kuendelee ndani ya gari.