X Plastaz na Hadhira Zake Mbili: Kupanda na Kushuka kwa Kundi Gumu la Arusha

Mwombe kijana wa Arusha akutajie bendi ya roki nzito ya pale mjini, atakutazama kama umemwuliza bei ya meli sokoni Kilombero. Mwanaroki mashuhuri kuliko wote aliyezaliwa upande wetu huu, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, akaondoka na familia yake mwaka 1964, na roki yake akaipigia Uingereza. Sababu mojawapo ni fedha tu. Gitaa la umeme, amplifaya na seti ya ngoma si vitu vya kijana wa mtaani. Rap ilitaka kaseti yenye mdundo, kipaza sauti kimoja na mdomo usioogopa. Basi ule ugumu ambao vijana wa kwingine waliutafuta katika gitaa linalokwaruza, wa kwetu waliupata katika hip hop, na ndiyo maana wasanii wa Arusha hujiita wagumu, wala hawatanii.

Makala haya yanahusu kundi moja la wagumu hao, X Plastaz. Nataka kueleza lilivyopanda na kwa nini lilishuka, na nitatumia vyombo vya darasani kwetu. Mulokozi, katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" (Mulika, 1989), anatufundisha kwamba fasihi simulizi haiwi maneno matupu. Ni tukio, lenye fanani, hadhira, mahali na wakati. Tunayakariri hayo kwa ajili ya mtihani, kisha tukikutana na wimbo wa rap tunakimbilia dhamira na ujumbe, tunamaliza. Kwa X Plastaz njia hiyo haifiki mbali, kwa sababu mambo yao yote, mazuri na mabaya, yalitokea kwenye hadhira.

Kundi lilianzia Arusha katikati ya miaka ya 1990. Rap ya Kiswahili ilikuwa bado changa: Saleh Jabir alikuwa ameanza kutia maneno ya Kiswahili kwenye midundo ya Wamarekani mwanzoni mwa miaka hiyo, na redio za watu binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zinafunguliwa. X Plastaz walikuwa na waghani kadhaa, wakiwamo Ziggy, Gsan na Faza Nelly, na baadaye wadogo Steve na Diney. Hao ni vijana wa mjini. Aliyewatofautisha na makundi mengine yote nchini ni Merege, Mmaasai aliyepanda jukwaani na vazi lake na kuimba kwa Kimaasai.

Hapa inabidi tutulie kidogo, maana fani yenyewe ndiyo hoja. Nyimbo za Wamaasai kwa kawaida hazitegemei ala. Yupo kiongozi wa wimbo, olaranyani, na wapo waitikiaji ambao koo zao zinatoa mvumo mzito wa kurudiarudia. Koo hizo ndizo ngoma, na ndizo besi. Sasa weka sauti ya namna hiyo chini ya mghani wa Kiswahili. Kazi ambayo katika roki hufanywa na gitaa la besi na ngoma kubwa, ile ya kumtia msikilizaji uzito kifuani kabla hajaelewa neno, inafanywa na koo la binadamu. Juu yake mghani anapanga vina vyake bila kujali mizani, maana anayehesabu ni mdundo. Wale waliokuwa wakigombana miaka ya 1970 juu ya mizani na vina, Kezilahabi na wenzake upande mmoja na wanamapokeo upande wa pili, hawakupata kesi kama hii: shairi ambalo vina vyake ni vya Kiswahili na mapigo yake yanabebwa na lugha nyingine kabisa.

Lakini ugumu wa X Plastaz haukuwa wa sauti tu. Tazama jina la wimbo wao "Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki". Maneno mawili yanayoanza kwa "dh" yamewekwa yatazamane, na swali halina jibu ambalo shehe au padri angelipenda. Ni jina linalosimama kama methali, ila methali huhukumu, na hili linakataa kuhukumu.

Nimesema mahali ni sehemu ya tukio, basi twende Kisongo. Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya kuelekea Makuyuni na Dodoma unapita Kisongo, na jina hilo ni la Wamaasai wenyewe, Ilkisongo, mojawapo ya sehemu kubwa za kabila hilo. Pale kuna mnada wa mifugo na pale pale kuna Uwanja wa Ndege wa Arusha, ambako watalii hupanda vindege vya kwenda Serengeti. Yaani upande mmoja Mmaasai ni muuza ng'ombe, anakadiria uzito kwa macho na kubishana bei. Upande wa pili ni picha. Shuka ni lile lile.

Na shuka hilo lina historia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwavisha Wamaasai nguo za "kisasa". Shuka na mafuta mekundu vilionekana aibu kwa taifa changa. Haikupita miaka 40, shuka likawa ndilo linalouza muziki wa Tanzania huko Ulaya. Mwaka 2004 kampuni ya Out Here Records ya Ujerumani ilitoa albamu ya X Plastaz, na jina lake likawa Maasai Hip Hop. Waghani wengi si Wamaasai, lakini jina la jalada linamfuata yule mmoja! Siwalaumu sana wauzaji, ndiyo biashara. Lakini kwa mhakiki jina la jalada ni sehemu ya matini, nalo lilikuwa linamwambia msikilizaji wa Ulaya atazame wapi.

Nyumbani hali ilikuwa nyingine. Katika miaka hiyo hiyo redio zetu zilikuwa zimempata Mmaasai wao, marehemu Mr. Ebbo, na wimbo wake "Mi Mmasai". Ebbo alikuwa Mmaasai kweli, na alighani kwa Kiswahili chenye lafudhi iliyotiwa chumvi, watu wakavunjika mbavu. Alikuwa fundi, na kejeli yake inauma zaidi ya wanavyodhani waliocheka tu. Ila ona tofauti: Ebbo aliileta lafudhi kwa hadhira ya Kiswahili, akakutana nayo nusu njia. Merege hakusogea. Aliimba Kimaasai chake, asiyeelewa na asielewe. Kwangu mimi huo ndio ugumu wenyewe, na huo ndio uliowagharimu.

Kwa maana X Plastaz sasa walikuwa na hadhira mbili zisizokutana. Ya Ulaya, walikofanya maonyesho, ilimsikia Merege na kupitwa na Kiswahili. Maneno juu ya dhiki yakawa mapambo. Ya nyumbani ilielewa Kiswahili, ila wakati huo Bongo Fleva ilikuwa inahamia kwenye kuimba na mapenzi. Wako wanaosema kundi lilishuka kwa sababu Arusha iko mbali na redio za Dar. Sikubaliani. Nako 2 Nako walitoka Arusha hiyo hiyo, Joh Makini pia, na baadaye Weusi, wakasikika nchi nzima. Hao walikuwa na hadhira moja, wakaihudumia.

Halafu mwaka 2006 Faza Nelly akauawa kwa kuchomwa kisu, hapo hapo Arusha. Kundi linaloandika nyimbo kwa karatasi linaweza kumpa mwingine karatasi ya marehemu. Katika rap fanani ndiye matini: pumzi yake, anapovuta neno, anapoliacha lidondoke. Huwezi kumrithi. X Plastaz waliendelea baada yake, lakini kwa sikio langu hakuna kazi iliyorudia uzito wa albamu ile.

Mwaka 2009 Gsan aliitwa Marekani, akaghani katika tuzo za hip hop za BET, kwenye kipindi kimoja na kina KRS-One. Alighani Kiswahili. Jamaa zetu tulishangilia, na ilistahili. Lakini irudie sehemu ile ukiwa na swali la hadhira kichwani. Wengi waliomsikia siku ile hawakuelewa neno. Walisikia kasi, vina na mapigo ya silabi. Kiswahili, ambacho kwenye albamu ndicho kilichokuwa kikibeba maana, pale Marekani kilikaa mahali pa Kimaasai cha Merege.