Zahanati ya Kijiji ni ya Nani?

Likizo iliyopita nilifuatana na shangazi yangu kumpeleka mwanawe zahanati. Mtoto alikuwa na kichomi, akipumua kwa taabu. Bibi muuguzi alimpima vizuri, akaandika dawa, kisha akasema kwa upole kwamba dawa yenyewe imekwisha tangu wiki iliyopita. Ikatubidi kuendelea na safari mpaka mjini tukainunue dukani. Kwa bahati njema mtoto alipona. Lakini tulipokuwa tukiondoka tuliwaacha wazee barazani wakibishana: mmoja akimlaumu Waziri, mwingine mwenyekiti wa kijiji, wa tatu akisema kosa ni la wilaya. Shangazi akanigeukia, akasema, “Wewe uliye shuleni, hebu niambie, wa kuulizwa ni nani?” Sikuweza kumjibu. Niliporudi shuleni niliuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata. Ni habari za Tanzania Bara tu, maana afya si jambo la Muungano, na Zanzibar wana Wizara yao.

Watu wengi hudhani kwamba Wizara ya Afya ndiyo yenye kila zahanati. Sivyo. Wizara hutunga sera, huweka kanuni za matibabu, huangalia magonjwa ya kuambukiza katika nchi nzima, na husimamia hospitali kubwa kama Muhimbili. Hospitali za rufaa za mikoa nazo ziliwekwa chini yake kwa agizo la Rais la mwaka 2017. Lakini zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya za serikali ni za halmashauri, na halmashauri husimamiwa na TAMISEMI. Basi muuguzi wa kijijini hufuata kanuni za wizara moja, na mkubwa wake wa kazi yuko upande mwingine.

Anayeuona ugumu wa mpango huu zaidi ya wote, nadhani, ni Mganga Mkuu wa Wilaya. Kwa fedha, watumishi na magari, mkubwa wake ni Mkurugenzi wa halmashauri. Kwa mambo ya utaalamu humtazama Mganga Mkuu wa Mkoa, ambaye naye yumo katika ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa. Akitaka gari la kukagulia zahanati siku ambayo Mkurugenzi analihitaji kwa kazi nyingine, Wizara ya Afya haina amri juu ya gari hilo.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini basi kazi yote isifanywe na serikali kuu? Jambo hilo lilikwisha kujaribiwa. Wakati wa Waingereza zahanati nyingi za shamba ziliendeshwa na serikali za wenyeji, na madaktari wa serikali wakizikagua. Baada ya Uhuru kazi ikashikwa na halmashauri. Mwaka 1972 halmashauri zikaondolewa, mambo yakawa mikononi mwa maofisa wa serikali kuu waliokaa mikoani na wilayani. Mpango ule uliitwa Madaraka Mikoani, lakini mwananchi hakuwa tena na baraza la madiwani la kuwahoji maofisa hao. Sheria za kuzirudisha halmashauri zilipitishwa mwaka 1982, nazo zikaanza kazi tena mwaka 1984.

Hata hivyo ziko kazi zisizoweza kufanywa na halmashauri peke yake. Mwezi wa Machi 2023 watu kadhaa wa vijiji vya Bukoba, mkoani Kagera, waliugua homa na kutapika, wakafa. Habari zilipanda kutoka kijijini mpaka wilayani, mkoani na Wizarani. Vipimo vikafanywa na maabara ya taifa, na tarehe 21 Machi ikatangazwa kwamba ni ugonjwa wa Marburg. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6. Tarehe 2 Juni ikatangazwa kwamba umekwisha. Hakuna wilaya yenye maabara ya kuutambua ugonjwa ule, wala hakuna Waziri ambaye angejua habari zake kama wa kijijini wasingezipeleka.

Sasa nije kwenye dawa ya shangazi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za zahanati huingia moja kwa moja katika akaunti ya zahanati yenyewe, hazikai tena wilayani. Mganga mfawidhi hupanga matumizi pamoja na kamati ya zahanati, ambayo ndani yake wamo wananchi. Dawa huagizwa Bohari ya Dawa, shirika la serikali kuu lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Bohari ikikosa dawa, zahanati hununua kwa mshitiri aliyeidhinishwa. Kwa hiyo dawa ikikosekana, yafaa kwanza kujua: je, fedha hazikuja, au oda ilichelewa, au Bohari haina? La kwanza ni la serikali kuu na halmashauri, la pili ni la mfawidhi na kamati, la tatu ni la Bohari.

Nilimwandikia shangazi hayo yote. Amenijibu kwamba katika mkutano wa kijiji uliofuata aliomba majina ya wajumbe wa kamati yasomwe. Yakasomwa. Mmoja amekwisha hamia mjini tangu mwaka jana. Na mwingine ni yule mzee aliyekuwa akimlaumu Waziri.