Lawalawa Hutibiwa Zahanati, si kwa Wembe

Wengi wetu tunaposikia neno ukeketaji humfikiria binti aliyekwisha kuvunja ungo. Takwimu zinaonesha vinginevyo. Utafiti wa Kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulibaini kuwa asilimia 10 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa wamekeketwa, na takriban theluthi moja yao walikeketwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Katika Mkoa wetu wa Singida kiwango kilikuwa asilimia 31. Kufikia mwaka 2022 wastani wa kitaifa ulishuka hadi asilimia 8. Ikumbukwe, hata hivyo, kuwa kichanga anayekeketwa leo hataingia katika kiwango hicho hadi afikishe miaka 15; naye hukeketwa pasipo ngoma wala sherehe, jirani asijue.

Sababu inayotajwa mara kwa mara huku kwetu ni lawalawa. Mtoto huwashwa sehemu za siri, hutoka vipele au uchafu, na hulia anapokojoa. Bibi au mkunga wa jadi huieleza hali hiyo kuwa ni hasira ya mizimu, isiyopoa ila kwa kukata. Kitaalamu, hayo ni maambukizi ya bakteria au fangasi, ambayo hushamiri pale maji yanapokuwa adimu na nepi zinapokaa mbichi mwilini. Hutibiwa kwa usafi na dawa za kawaida zinazotolewa zahanati. Muwasho ukipoa baada ya kukeketwa, sifa hupewa wembe, ilhali huenda kilichosaidia ni maji yaliyooshea kidonda.

Madhara yake si madogo. Kichanga mwenye kilo 3 ana damu inayokaribia robo lita tu mwili mzima. Kinachoonekana kwa mkataji kuwa damu kidogo kinaweza kumuua. Anayenusurika hukabiliwa na pepopunda na, akikua, makovu yanayotatiza uzazi.

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 169A, inamtia hatiani mzazi au mlezi anayesababisha mtoto wa chini ya miaka 18 akeketwe: kifungo cha miaka 5 hadi 15, faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili.

Mzazi anayeona dalili tulizozitaja amfikishe mtoto zahanati mapema. Mwenye taarifa za mtoto aliye hatarini amwone Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au apige simu namba 116 bila malipo.