Kufundisha Utafutaji wa Chanzo: Mfano wa Injini Inayomisi Ikielemewa

Mwalimu wa Sayansi hutafuta vitabuni mifano ya sababu na matokeo, ilhali mfano bora pengine umeegeshwa nje ya dirisha la darasa. Katika makala haya tumechagua pikapu kuukuu yenye kabureta, mithili ya Peugeot 404, ambayo kwenye tambarare huenda vema, lakini ikipakiwa magunia na kufika mlimani hushtukashtuka na kuishiwa nguvu. Mafundi husema injini inamisi. Mwenye gari, kwa pupa, hununua plagi, kisha koili, kisha kabureta nzima. Fedha za mavuno zikaisha na maradhi yakabaki palepale.

Swali la kuwatangulizia wanafunzi ni hili: je, mzigo umebadili nini ndani ya injini?

Dereva akanyagapo mafuta ili apande, kilango cha kabureta hufunguka zaidi. Mchanganyiko mwingi wa hewa na petroli huingia katika silinda, na mgandamizo huongezeka. Cheche huruka kwa taabu palipo na mgandamizo mkubwa, kwa hiyo plagi hudai volti nyingi zaidi. Waya uliochakaa, kofia ya distributa yenye ufa, koili iliyochoka, au plagi ambayo pengo lake limepanuka, vyote vyaweza kuitosheleza injini isiyo na mzigo, lakini vikashindwa mlimani. Umeme hauruki tena ndani ya silinda. Huvujia kwenye chuma cha injini, njia iliyo nyepesi kwake. Ili watoto wauelewe mgandamizo, pampu ya baiskeli yatosha: mmoja azibe tundu kwa kidole, mwingine asukume.

Injini iliyoelemewa huhitaji petroli nyingi pia. Chujio lililoziba au pampu dhaifu hupitisha kiasi cha kuendea tambarare tu.

Tutatofautishaje? Kasoro ya umeme aghalabu hushtua ghafla mara mzigo unapokuja, na hutulia mguu unapolegezwa. Kasoro ya petroli aghalabu hukawia: gari hupanda vizuri kitambo, hata bakuli la kabureta likipungukiwa, nguvu hufifia. Choki ikivutwa kidogo mlimani na injini ikachangamka, petroli ilikuwa haba. Tumesema aghalabu makusudi. Wanafunzi wazoee kuipima dalili kabla ya kuihukumu.

Wengi hupenda kuchomoa waya za plagi mojamoja gari likiwa limesimama, wakisikiliza ni silinda ipi isiyofanya kazi. Njia hii hufaa kwa valvu iliyoungua, ambayo kwa kawaida hujidhihirisha hata pasipo mzigo. Kwa maradhi yetu hupotosha, maana gari lililosimama halina mzigo, na silinda zote zaweza kuonekana nzima. Afadhali gari lipandishwe mlima likiwa na shehena, injini izimwe papo hapo, iachwe ipoe kidogo, kisha plagi zitazamwe. Rangi ya kahawia au kijivu ni njema. Plagi nyeupe mno hushuhudia uhaba wa petroli. Plagi moja nyeusi na mbichi, nyingine tatu zikiwa safi, yaonyesha silinda ambayo haikuwaka.

Tuseme ni ya silinda ya 2. Ibadilishane na ya silinda ya 3, kisha gari lipande mlima uleule na mzigo uleule. Weusi ukihamia silinda ya 3, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki kwenye ya 2, uchunguzwe waya, na kofia ya distributa. Hapa ndipo penye kiini cha somo: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Mwanafunzi aliyebadilisha plagi na waya kwa pamoja, hata gari likipona, hajajua kilichoponya.

Majaribio ya injini inayonguruma yafanywe na fundi. Volti za plagi ni maelfu, na watoto wasikaribie. Darasani, mwalimu aombe gereji plagi zilizotupwa. Kila kikundi kizipange kwa rangi na kuandika makisio yake kabla ya kuelezwa lolote. Zisisafishwe, kwa kuwa masizi ndiyo ushahidi. Zikitolewa kwenye gari moja, kila plagi ifungwe karatasi yenye namba ya silinda yake kabla ya ile inayofuata kufunguliwa.