USINGIZI NA BARIDI YA MILIMANI

Mji wa Morogoro uko chini ya milima ya Uluguru, kadiri ya meta 500 juu ya usawa wa bahari. Karibu na mji huo ndipo ilipo Mzinga, na mto wa jina hilo hushuka kutoka milimani. Mtu asimamaye Mzinga mchana wa mwezi wa Desemba hutokwa na jasho. Lakini akiinua macho huiona milima imevikwa mawingu, na kilele chake kirefu, Kimhandu, kimepita meta 2,600. Huko juu, upande wa Mgeta, watu hulima kabichi, viazi na njegere, mazao yapendayo baridi. Tokea Mzinga hata Mgeta si safari ya siku nyingi, lakini usiku wa huku si kama usiku wa kule.

Watoto wengine huuliza, "Mlima umekaribia jua kuliko bonde, mbona basi una baridi?" Jibu lake ni hili. Jua liko mbali nasi kilometa milioni 150, na kimo cha mlima si kitu mbele ya umbali huo. Tena jua haliipashi hewa moto sana lenyewe. Huipasha ardhi, na ardhi ndiyo iipashayo hewa. Hewa yenye joto hupanda juu, na kadiri ipandavyo hutanuka, na hewa itanukapo hupoa. Kwa hiyo, kwa kila meta 1,000 mtu apandazo, joto hupungua kadiri ya nyuzi 6. Usiku ardhi na mapaa hupoteza joto lao, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, hushuka polepole kwa njia ya mabonde kama maji. Ndiyo sababu hata watu wa chini ya milima husikia upepo wa baridi usiku, hasa miezi ya Juni, Julai na Agosti.

Baridi hiyo yahusuje usingizi? Mwili wa mtu mzima wa afya una joto la nyuzi 37 hivi. Jioni joto la ndani huanza kupungua, na kabla ya mapambazuko huwa limeshuka kadiri ya uzi mmoja. Kupungua huko ni mlango wa usingizi. Ili kulitoa joto hilo, mwili hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ya mikono na miguu, na humo joto hutoka. Mwaka 1999 wataalamu wa mji wa Basel, katika nchi ya Uswisi, walieleza kwamba mtu ambaye miguu yake ina joto hupata usingizi upesi. Lakini miguu ikiwa baridi kama jiwe, mishipa yake midogo hujifunga, damu hurudi ndani, na mtu hutetemeka. Mwili unaotetemeka unafanya kazi, na ufanyao kazi haulali.

Joto likizidi nalo ni adui. Katika chumba chenye joto jingi mwili hauna pa kulitupia joto lake; mtu hugeuka huku na huku mpaka jogoo awike.

Mzee aliyezaliwa milimani, kisha akashuka kukaa Mzinga, huweza kukesha usiku wa joto akikumbuka chumba cha utoto wake. Hukumbuka ukungu ukipenya mlangoni, sakafu ya udongo iliyo baridi, na watoto wanne chini ya blanketi moja, kila mmoja akilivuta upande wake. Husema, "Baridi ile ilikuwa kali, lakini tulilala kama magogo." Maneno yake yana kweli, na sababu zake zaweza kuelezwa. Watoto waliolala pamoja walipashana joto. Nyumba ya kale ya msonge, yenye paa nene la nyasi na kuta za udongo, haikuliachia joto upesi. Katikati kulikuwa na moto wa mafiga. Tena mtoto aliyeshinda akichota maji na kulima mtelemkoni huchoka kweli kweli, na usingizi wa mtoto ni mzito; wa mzee ni mwepesi, hukatika mara kwa mara.

Lakini kumbukumbu huchagua. Mzee hukumbuka usingizi, akasahau usiku aliokohoa kwa moshi na macho yakamwasha. Moshi wa kuni ndani ya nyumba huudhuru mwili, na wadhurikao sana ni watoto wachanga na mama zao wapikao.

Basi mtu wa mahali pa baridi na afanye nini? Kwanza ajue ya kuwa blanketi halina joto lake lenyewe. Huizuia hewa iliyopashwa na mwili isiondoke. Kwa hiyo nguo mbili nyembamba, zenye hewa katikati, mara nyingi hushinda moja nzito. Pili, akumbuke kwamba baridi hutoka chini pia: majani makavu au magunia chini ya mkeka huuzuia mwili usinyang'anywe joto na sakafu. Tatu, asilale na nguo mbichi, maana maji yakikauka huchukua joto. Nne, alalaye chini ya paa la bati afahamu ya kuwa bati hupoa upesi. Dari ya mbao au hata ya mikeka husaidia sana.

Neno moja halina budi kushikwa na kila mwanafunzi. Jiko la makaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, wala haimwamshi aliyelala. Damu huishika hewa hiyo kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko ishikavyo oksijeni, na hivyo mwili hukosa pumzi ijapokuwa kifua chapanda na kushuka. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha huzimia. Jamaa waliofunga mlango na dirisha ili wajikinge na baridi, jiko likiwa katikati, huweza kukutwa asubuhi wote wamekufa. Aonaye dalili hizo na atoke nje mara moja. Aliyezimia na atolewe kwenye hewa safi, milango ifunguliwe, apelekwe hospitali bila kukawia.

Mtoto wa miaka 6 hata 12 ahitaji kulala saa 9 hata 12 kila siku. Katika usingizi mwili hukua, na akili huyaweka imara yale iliyojifunza mchana. Basi mwanafunzi asinziaye darasani asiitwe mvivu kwa haraka. Yamkini usiku kucha alikuwa amejikunja kwa baridi, akingoja kupambazuke. Atakayempa mkeka wa pili au kipande cha blanketi atakuwa amemsaidia kusoma kuliko atakayemkemea.

MASWALI
1. Kwa nini mlimani kuna baridi kuliko bondeni?
2. Mtu mwenye miguu ya baridi hukosa usingizi kwa sababu gani?
3. Taja mambo matatu yaliyowawezesha watoto wa zamani kulala vema katika baridi.
4. Eleza hatari ya jiko la makaa chumbani, na la kufanya mtu akizimia.