Mfarishi Uliokaa Sandukuni

Mazungumzo ya asubuhi redioni
Somo: 2 Wakorintho 8:10–12

 

Asubuhi hii tuzungumze juu ya kazi ya mkono iliyoanzwa na haikumalizwa. Nafikiri hasa mfarishi, yaani lile blanketi linaloshonwa nyumbani kwa vipande vya vitambaa. Katika nyumba nyingi za Kitengela, Isinya na Kajiado, ukifungua sanduku lililo chini ya kitanda utaukuta. Vipande thelathini au arobaini vimekwisha kuungwa, vingine vimefungwa kwa utepe, na sindano ingali imechomekwa pale pale, nayo imeota kutu.

Mara nyingi mwenye kazi hiyo si mvivu. Karo ilidaiwa, cherehani ikauzwa. Mtoto aliugua. Ulikuja ule ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, ng'ombe wakafa, na mama akaweka sindano chini akaenda kutafuta maji. Wengine hapa Kitengela hushona mchana kutwa katika viwanda vya Athi River, nguo za kupelekwa ng'ambo, na jioni mikono yao haina nguvu ya kushona cha kwao. Kisha miaka hupita, na kila ufunguapo sanduku unaona haya, unalifunga upesi.

Ndugu zangu, Biblia inaijua hali hii. Wakorintho walikuwa wameanza kukusanya sadaka kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Walianza kwa furaha, kisha mwaka ukapita na kazi ikalala. Paulo hakuwakemea kwa ukali. Aliwaambia kwamba kama vile walivyokuwa tayari kutaka, vivyo hivyo wamalize, kwa kadiri ya walicho nacho. Nawaomba mshike neno hilo: kwa kadiri ya ulicho nacho. Mungu haulizi kitambaa usichokuwa nacho.

Watu wa nabii Hagai nao waliiacha nyumba ya Bwana ikiwa msingi tu, kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi. Walikuwa na usemi wao, kwamba wakati haujafika. Hagai aliposema nao, mwaka 520 kabla ya Kristo, waliinuka wakaanza tena, na kwa muda wa miaka minne hivi nyumba ikamalizika. Kumbe kazi iliyolala ilikuwa ikingoja watu kuliko wakati.

Basi, mama unayenisikiliza, utauanzaje tena mfarishi wako?

Kwanza, utoe nje. Ukung'ute, uutandaze kivulini penye upepo, kwa maana jua kali hufifisha rangi. Tazama kama panya au nondo wamekula mahali. Tazama sana kwenye mikunjo, kwa kuwa kitambaa kilichokunjwa mahali pamoja miaka mingi hukatika hapo. Kisha vuta mishono polepole. Uzi uliooza utakatika, na ni afadhali ukatike leo mkononi mwako kuliko usiku wa baridi mtoto amejifunika.

Pili, hesabu. Utandaze juu ya kitanda uone vimebaki vipande vingapi. Bwana wetu alisema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, ya kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama. Tunaogopa sana kazi ambayo hatujaihesabu. Huenda ukakuta kilichobaki ni kidogo kuliko hofu yako. Na kama ni kikubwa mno, punguza. Mfarishi uliokusudiwa kitanda cha watu wawili waweza kutosha kitanda cha mtoto, nao utakuwa umekwisha.

Tatu, kitambaa kipya kifue na kukipiga pasi kabla ya kukiunga na cha zamani. Kisipofuliwa kwanza, kitarudi baadaye na kuvuta mshono, na chekundu huweza kuchuja rangi juu ya vyeupe vyote. Wasikilizaji wa Yesu waliifahamu habari hii vizuri, ndiyo maana aliwapa mfano wa kiraka kipya katika Marko 2:21.

Nne, unganisha tabaka tatu: uso wa vipande, katikati pamba au blanketi kuukuu, na chini bitana. Piga bandi kuanzia katikati kwenda pembeni, ili makunyanzi yasukumwe nje. Kisha pitisha mishono midogo katika tabaka zote tatu, mstari baada ya mstari, nafasi ya kiganja kati yake. Ukiiacha mishono hiyo, siku ya kufua pamba yote itajikusanya pembe moja. Mwisho kunja pindo pande zote nne.

Fanya nusu saa kila jioni. Bandu bandu huisha gogo.

Lakini najua kuna sanduku lisilofunguliwa kwa sababu nyingine. Mama mmoja wa upande wa Isinya alikuwa na mfarishi ulioanzwa na binti yake, naye binti akafariki akimwacha mtoto mdogo. Kwa miaka sita mama yule hakuweza kuugusa. Aliniambia, "Mchungaji, nikiumaliza, nitakuwa nimemzika mara ya pili." Sikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Tuliomba tu. Baadaye akina mama wa kanisa walikwenda kuketi naye kila Alhamisi. Walitaka kunyoosha mishono ya yule binti, maana ilipinda, lakini mama akakataa. Ikaachwa vile vile, na kazi yao ikaanzia pale mkono wake ulipokoma. Mwezi wa Julai, upepo wa baridi uvumapo katika tambarare za Kaputiei, mtoto yule hulala amefunikwa na kazi ya mama yake. Mama mzee husema sasa anaweza kutazama ile mishono iliyopinda na kumshukuru Mungu.

Pengine wewe macho yamefifia na vidole vinauma, huwezi tena. Mpe mwingine aumalize. Daudi alikusanya dhahabu, mawe na mierezi, lakini aliyejenga hekalu ni Sulemani, na Daudi hakuhesabiwa kuwa ameshindwa. Na wewe uliyeanza ukakata tamaa, kumbuka Mary Sumner, aliyeanzisha Mothers' Union huko Uingereza mwaka 1876. Akina mama walipokuja mara ya kwanza nyumbani kwake, moyo ulimwisha akashindwa kusema nao, nao wakaombwa warudi juma lililofuata. Walirudi, naye akasema. Leo chama hicho kimefika hata kwetu.

Wapenzi, wale wajane wa Yafa walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizoshona Dorkasi. Zilikuwa nguo zilizokwisha, zilizokwisha kuvaliwa. Hakuna mjane aliyepata joto kwa nguo ambayo Dorkasi alikusudia tu kushona. Upendo ulio sandukuni ni upendo kweli, lakini bado haujamfunika mtu.

Tena mfarishi si kitu pekee kilicho sandukuni. Kuna barua ya kuomba radhi uliyoianza. Kuna ndugu uliyeahidi kumtembelea hospitali. Kuna ahadi uliyoitoa mbele ya madhabahu. Lichunguze sanduku lako leo.

Usiogope kulichungulia, kwa kuwa yuko pamoja nawe Yeye asiyeacha kazi yake katikati. Bwana Yesu msalabani hakuishia njiani. Aliikamilisha kazi aliyopewa na Baba, akalisema hilo kabla ya kukata roho. Naye aliyeanza kazi njema ndani yako, ingawa wewe mwenyewe waona vipande vilivyotawanyika tu, ataifikisha mwisho wake.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe wajua tulivyoanza na tulivyoacha. Utusamehe tulipolegea, utufariji tulipoacha kwa huzuni. Uitie nguvu mikono iliyochoka, utupe wenzetu wa kutusaidia, na wale wanaongoja katika baridi wapate joto kwa kazi ya mikono yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.